Ubao wa futi mbili kwa mbili: kupanga kazi ya picha ya Tingatinga, kutoka wazo hadi sahihi

Rangi ya mafuta ya kopo ilitengenezwa kwa ajili ya milango, mageti na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mtindo huu wa picha umepewa jina lake, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua rangi hiyo hiyo na vipande vya mbao za dari, vitu ambavyo mtu wa kawaida aliweza kuvinunua dukani. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda ushirika wao, wenye makao Oysterbay. Kila aliyeingia katika kazi hii baada yao amerithi rangi ile na tabia zake: inang'aa, inafunika vizuri, haivumilii kuguswaguswa ikishaanza kushika, na inakauka taratibu.

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua namna mchoraji anavyofikiri. Rangi ikiwa mbichi huwezi kughairi juu yake. Ukijaribu unapata tope. Kwa hiyo picha hufikiriwa kwa tabaka, na kati ya tabaka moja na jingine kuna siku nzima ya kuitazama. Anayeichukia siku hiyo ya kungoja huharibu mbao nyingi. Anayeipangia kazi hupata picha nzuri zaidi, kwa sababu maamuzi makubwa anayafanya akili ikiwa imetulia.

Ubao

Karatasi moja ya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya futi nne kwa nane inatoa mbao nane za futi mbili kwa mbili, yaani takriban sentimita 60 kwa 60. Ukubwa huu ndio uliozoeleka tangu mwanzo na bado ni mzuri kwa kujifunzia: mkono unafika kila pembe bila kuugeuza ubao, na mraba unakulazimisha kumpanga mnyama wako vizuri. Chagua hadibodi ya milimita 4 au zaidi. Ile nyembamba hujikunja kama kigae.

Upande laini wa hadibodi mara nyingi una mng'ao wa nta kutoka kiwandani. Rangi ikikaa juu yake hujitenga na kuacha vidoa vya duara vilivyo wazi, kama maji juu ya sahani yenye mafuta. Sugua upande huo kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, kisha futa vumbi kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo kwenye tapentaini, kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, na uache dakika 30. Zungushia kingo msasa ili zisibaki na nyuzi, kwa sababu kingo ndizo zinazonywa unyevu na kuvimba.

Paka andakoti nyeupe, yaani rangi ya msingi inayotangulia, pande zote mbili, mbele na nyuma, na kingoni. Wengi huacha nyuma kwa kubana matumizi. Upande mmoja ukizibwa na mwingine ukibaki wazi, upande wazi unanyonya unyevu wa hewa ya pwani na ubao unapinda. Andakoti ikikauka, baada ya saa 16 hadi 24, sugua mbele kwa msasa namba 240 na urudie mara ya pili. Ukikwepa andakoti kabisa, hadibodi itanyonya mafuta ya rangi yako na picha itatoka na mabaka yaliyofifia katikati ya sehemu zinazong'aa.

Siku hizi wachoraji wengi wanatumia kitambaa kwa kuwa mgeni anaweza kukikunja na kusafiri nacho. Amerikani nzito inafaa. Ivute juu ya fremu ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, ipake gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikikauka uipake rangi nyeupe ya maji mara mbili. Gundi hiyo ni ya lazima, kwani mafuta ya rangi yakifika kwenye nyuzi za pamba huzichoma polepole, na kitambaa kinakuwa kikavu na chepesi kuchanika.

Makopo, tapentaini na brashi

Anza na makopo sita ya robo lita: nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu, bluu na kijani. Rangi ya machungwa, kahawia, waridi na zambarau utazichanganya mwenyewe. Soma kopo na uchague rangi iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi; wewe ndiye utakayekaa nayo puani na vidoleni kila siku.

Hesabu ya rangi ni rahisi ukishaijua. Tabaka moja juu ya ubao wa futi mbili kwa mbili linakula takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kopo la robo lita linatosha kupaka rangi ya nyuma kwenye mbao nne, tabaka mbili kila ubao. Ukiona umetumia vijiko vinne kwa tabaka moja, unapaka nene mno na utajuta kesho yake.

Kwenye kuzimua ndiko hasara nyingi zinakoanzia. Tumia tapentaini, au kile mafundi wa rangi wanachokiita waiti spiriti. Mafuta ya taa ni rahisi na yako kila duka, lakini yanaacha ute ndani ya rangi, na picha inaweza kunata kwa wiki kadhaa. Tina kali ya kupulizia magari nayo ina hatari yake: inalainisha tabaka la chini hata kama limekauka, na rangi yote inanyanyuka na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kwa rangi ya nyuma weka kijiko kimoja cha tapentaini kwa kila vijiko kumi vya rangi. Kwa mistari myembamba ongeza hadi viwili. Ichovye njiti uiinue: rangi ya mistari idondoke mfululizo kama mafuta ya kula. Ikidondoka kama maji imezidi, ikikatikakatika bado ni nzito.

Chuja rangi kila kopo linapokuwa limefunguliwa zaidi ya mara moja. Soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya kikombe inatosha. Kipande kimoja kidogo cha utando kikiingia kwenye brashi, mstari wako unapata donge katikati ya shingo ya twiga, na donge hilo haliondoki.

Brashi nne zinatosha: bapa ya inchi mbili kwa rangi ya nyuma, bapa ya nusu inchi kwa miili, na mbili za duara, namba 4 na namba 1. Ya namba 1 ikichakaa, usiitupe. Ikate kwa wembe ibaki na nywele chache ndefu. Inashika rangi kidogo kila mara lakini inavuta mstari mrefu ulio sawa kuliko brashi mpya.

Wazo

Usianzie ubaoni. Chora miraba kumi ya sentimita tano kwa tano kwenye daftari la shule, na katika kila mraba mweke mnyama yule yule kwa namna tofauti. Dakika mbili kwa kila mraba, kalamu ya wino, bila kufuta. Miraba mitatu ya kwanza huwa ni picha ulizokwisha kuziona kwa wengine. Ya nne na ya tano huwa mibaya. Kuanzia ya sita mkono unachoka kukumbuka na jicho linaanza kutafuta, na hapo ndipo wazo lako linapotokea. Kwa hiyo usiishie mitano.

Kinachotafutwa ni umbo linaloujaza mraba. Katika picha za Tingatinga mwenyewe mnyama mara nyingi ndiye anayeshika ubao karibu wote: mkia unapinda kufuata ukingo, kichwa kinageuka kutazama nyuma ili kisikatwe, na mmea mmoja au ndege anaziba pengo lililobaki. Kwa hiyo tazama mapengo kabla ya kumtazama mnyama. Geuza daftari juu chini. Pengo lililo kubwa kuliko tumbo la mnyama wako litaonekana mara moja, nalo linahitaji kupunguzwa au kupewa kazi. Kisha simamisha daftari mezani, rudi nyuma hatua nne, ufumbe macho nusu. Mraba unaosomeka kutoka hapo ndio wa kuchora.

Kunakili picha za wenzako ni njia halali ya kujifunza mkono, na wengi katika kazi hii walianza hivyo, wakikaa pembeni ya mchoraji mzoefu na kumjazia majani. Lakini nakala isiwekwe sahihi yako wala kupelekwa sokoni. Soko la picha hizi limeumizwa sana na mbao mia zinazofanana, na anayeumia kwanza ni yule aliyefikiria ya kwanza. Unapokwama, badala ya kutazama picha ya jirani, jiwekee mpaka: chui yule yule mara saba, kila mara ukiondoa kitu kimoja. Mara ya kwanza bila nyeusi. Ya pili bila majani. Ya tatu rangi tatu tu. Ya nne akiwa amelala. Mpaka ukibana, mkono unalazimika kubuni.

Rangi ya nyuma

Hapa ndipo mgeni wa kazi hii anapotambulika. Rangi ya nyuma inayofifia vizuri, tuseme kutoka njano chini hadi nyekundu juu, inaonekana kama jambo dogo, na inaharibika kwa dakika moja.

Fanya kazi hii asubuhi, kabla jua halijapanda na upepo haujaanza. Nyunyizia maji sakafuni ili vumbi litulie. Laza ubao mezani. Andaa vikombe vitatu: njano, nyekundu, na mchanganyiko wa hizo mbili katikati. Kila kikombe kijiko kimoja tu, kwani michirizi ikigongana rangi hujilimbikiza. Paka njano theluthi ya chini, mchanganyiko katikati, nyekundu juu, kwa haraka na bila kujali mipaka. Una kama dakika kumi kabla rangi haijaanza kuvuta. Mchana wa joto ni pungufu.

Sasa chukua bapa ya inchi mbili iliyo safi na kavu kabisa. Anza pale njano inapokutana na mchanganyiko, upitishe brashi kutoka ukingo hadi ukingo kwa mlalo, ncha za nywele tu zikigusa rangi, kama unayefuta vumbi kwenye kioo. Panda kidogo kidogo kuelekea juu. Baada ya kila mpito futa brashi kwa kitambaa. Hili la kufuta ndilo watu wanaloliruka, na brashi isiyofutwa ndiyo inayobeba nyekundu kuishusha kwenye njano mpaka chini yote igeuke chungwa. Daima toka kwenye rangi nyepesi kwenda kwenye nzito. Ukifika juu, acha. Ukiona kasoro ndogo, iache nayo. Mnyama atakaa juu yake.

Acha ubao ulale saa mbili ili rangi isitiririke, kisha uegemeze ukutani, uso ukitazama ukuta kwa mteremko, vumbi lisikae juu yake. Usipake rangi ya nyuma jioni taa zikiwaka, hasa msimu wa kumbikumbi. Mdudu akitua, usimvute, maana miguu yake itavuta utando mzima. Mwache akaukie hapo, kesho mwondoe kwa ncha ya wembe na uguse doa kwa rangi kidogo.

Wakati wa masika hesabu siku mbili pale ambapo kiangazi unahesabu moja. Hewa yenye unyevu mwingi huchelewesha rangi kukauka, na usiku inaweza kuacha ukungu mweupe juu ya mng'ao. Sukuma kidole gumba taratibu kwenye kona: kikizunguka bila kuacha alama, endelea. Kikiacha alama, ngoja. Juu huwa pamekauka kabla ya ndani, na tabaka jipya likiwekwa mapema tapentaini yake inapenya na kuvimbisha lile la chini. Hayo ndiyo makunyanzi unayoyaona kwenye picha nyingi za bei rahisi. Yakishatokea hakuna dawa isipokuwa kungoja wiki nzima, kusugua kwa msasa na kupaka upya.

Mwili, madoa na mstari

Hamisha mchoro wa daftarini kwa chaki nyeupe ya shuleni, ukifuata miraba midogo iliyogawanywa sawasawa kwenye mchoro na kwenye ubao. Chaki inafutika kwa kitambaa chenye maji. Penseli huteleza juu ya rangi inayong'aa, na chaki ya rangi inaacha madoa. Kabla ya kupaka, piga chaki kwa brashi kavu mpaka ibaki kivuli tu, vinginevyo unga wake unachanganyika na rangi na kuifanya iwe chengachenga.

Jaza miili mikubwa kwanza kwa rangi moja iliyotulia. Njano na nyekundu nyingi za kopo hazifuniki vizuri, kwa hiyo mnyama wa njano juu ya nyuma ya bluu atageuka kijani kichafu. Mpake nyeupe kwanza, ngoja siku moja, ndipo njano. Siku hiyo moja inaudhi, lakini njano iliyolala juu ya nyeupe ina mwanga ambao tabaka tatu za njano peke yake hazitaufikia.

Madoa ya chui yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo yanayotazamwa kwanza. Doa la chui ni ua: michapo mitatu hadi mitano ya nyeusi iliyopangwa kwa duara lisilofungwa, na katikati yake rangi iliyokolea kidogo kuliko ile ya mwili. Ukilijaza lote jeusi umechora duma. Tangulia na vidoa vya katikati, rangi ya mwili iliyotiwa tone la kahawia, ungoje vikauke, ndipo uzungushie nyeusi. Maua yawe makubwa mgongoni na ubavuni, yapungue kuelekea tumboni, na kwenye miguu na kichwani yageuke nukta nzima ndogo. Yapange yakifuata mviringo wa mwili. Yakipangwa kwa mistari iliyonyooka, chui anakuwa kama amevikwa kitambaa.

Kwa nukta za kanga, yule ndege, brashi haifai sana. Tumia kichwa cha msumari, njiti ya kiberiti, au kitako cha mpini wa brashi. Ukichovya mara moja na kugonga mara tano, kila nukta inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Itumie hali hiyo: anza mgongoni na umalizie shingoni, uchovye tena, urudie. Ukitaka nukta zinazolingana, chovya kwa kila moja. Laza ubao kabisa kwa kazi hii, kwani nukta ni tone nene na hushuka.

Mstari wa nje unakuja mwisho, siku yake peke yake. Shika brashi mbali na nywele, mkono ukiegemea fimbo iliyolazwa juu ya ubao bila kuugusa, na uvute kwa bega, si kwa vidole. Mstari ukikatika katikati, usiuunge papo hapo. Maliza mistari mingine, rudi baada ya nusu saa.

Kuzungusha mbao

Kwa kuwa kila tabaka linataka siku, mwenye ubao mmoja anakaa bure siku tano kati ya sita, na ndiye anayeshawishika kupaka juu ya rangi mbichi. Uwe na mbao nne hadi sita katika hatua tofauti. Asubuhi mapema ni ya rangi za nyuma. Saa nne hadi saa saba ni miili. Mchana, mwanga ukiwa mkali na mkono umeshapata joto, ni mistari na nukta kwenye mbao zilizokauka. Alasiri ni daftari. Kila jioni pindua mbao zote zitazame nje, kaa mbali nazo robo saa, uandike kwa kila moja kitu kimoja tu cha kufanya kesho. Ukijikuta umeandika vinne, bado hujaitazama vya kutosha.

Andika pia michanganyiko: vijiko vingapi vya nini vimetoa rangi gani, pamoja na tone lililopakwa ukingoni mwa ukurasa. Rangi ikikuishia katikati ya tembo, ukurasa huo ndio utakaokuokoa.

Fanya kazi milango ikiwa wazi. Mikono isafishwe kwa mafuta ya kula na kisha sabuni, kwa kuwa tapentaini hukausha ngozi na kupenya. Matambara yenye rangi yaanikwe yakiwa yametandazwa nje. Yakirundikwa kwenye pipa yanaweza kupata joto yenyewe na kushika moto. Kopo likibaki na rangi, futa mfuniko, ufunge kwa kugonga, ulihifadhi juu chini: utando utajitengenezea kitakoni na siyo pale utakapochovya.

Kuimaliza na kuisafirisha

Weka sahihi ndogo kwenye kona, kwa rangi iliyomo ndani ya picha. Nyuma andika mwaka na jina la picha. Kisha iache wiki mbili kabla ya kuifunga, hata mnunuzi akiwa na haraka. Mweleze sababu, atakuelewa. Picha nyingi huharibikia ndani ya mzigo: rangi isiyokomaa hushikana na chochote kinachoigusa kwenye joto. Nailoni hunata juu yake, na gazeti linaacha maandishi. Tumia karatasi ya kuokea. Kitambaa kiviringishe rangi ikitazama nje, juu ya bomba lenye upana usiopungua sentimita kumi, kwa sababu rangi ikibanwa kwa ndani hukunjamana na kupasuka. Mbao zifunge mbili mbili, uso kwa uso, karatasi katikati na vipande vya kadibodi kwenye pembe nne ili zisigusane, na kamba ivutwe juu ya pembe hizo tu.